Dinari mbili za Msamaria: Mababa wa Kanisa walizisomaje?

Swali: Mimi ni mwalimu wa katekesi parokiani. Jumapili ya Msamaria Mwema padre alihubiri kwamba yule mtu aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi ni Adamu, Msamaria ni Kristo, nyumba ya wageni ni Kanisa, na zile dinari mbili ni Agano la Kale na Agano Jipya. Watu walifurahi sana. Tulipofika nyumbani binti yangu, anayesoma theolojia, akasema hayo ni mafumbo ya kujitungia ambayo yalishakataliwa zamani, na kwamba Yesu alikuwa anafundisha kumsaidia jirani, basi. Je, kweli Wakristo wa kwanza walizisoma Injili namna hiyo? Na kama walibishana, nani alikuwa na haki? Watoto wa darasa langu lazima wataniuliza.

Jibu:

Mwalimu, padre wako hakujitungia. Mahubiri hayo yana umri wa zaidi ya miaka 1,600, na ile ya dinari mbili kuwa Maagano mawili ina mwenyewe kabisa: ni Ambrosi, askofu wa Milano, katika ufafanuzi wake wa Injili ya Luka, mwishoni mwa karne ya 4. Binti yako naye hakuzua jambo. Lalamiko la aina yake lilikuwa likisikika Kanisani kabla Ambrosi hajazaliwa. Ila kuna dhana moja niiondoe mapema, kwamba ugomvi ule ulikuwa kati ya watu wa mafumbo na watu wa maana ya wazi. Karibu wote walisoma kwa mafumbo. Walichogombania ni mpaka: fumbo liruhusiwe kwenda hadi wapi, na likipotea njia ni nani wa kulirudisha.

Tuanze na mfano wenyewe. Mtu wa kwanza ambaye maandishi yake yanatuonyesha usomaji huu ni Ireneo, askofu wa Lyon, aliyeandika yapata mwaka 180. Anaugusa kwa kupita tu: Bwana alimkabidhi Roho Mtakatifu yule mtu wake aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi, akamfunga majeraha, akatoa dinari mbili za kifalme, ili sisi kwa Roho tupokee sura na anwani ya Baba na Mwana. Klementi wa Aleksandria, miaka michache baadaye, anawaambia matajiri kwamba jirani aliyetuhurumia kuliko wote ni Mwokozi mwenyewe, aliyetumiminia divai, yaani damu ya mzabibu wa Daudi.

Kisha anakuja Origen, mwalimu wa Kikristo na mfafanuzi wa maandiko. Alizaliwa Aleksandria yapata mwaka 185, akahamia Kaisaria ya Palestina, na huko ndiko alikohubiri juu ya Luka. Hotuba 39 kati ya hizo tunazo kwa sababu Yeronimo alizitafsiri kwa Kilatini, na ya 34 ndiyo ya Msamaria. Angalia anavyoanza. Hasemi "mimi naona". Anasema mmoja wa wazee wa Kanisa alikuwa akiufafanua mfano huu hivi: mtu anayeshuka ni Adamu, Yerusalemu ni paradiso, Yeriko ni ulimwengu, wanyang'anyi ni nguvu za uadui, kuhani ni Torati, Mlawi ni manabii, Msamaria ni Kristo, majeraha ni uasi, mnyama ni mwili wa Bwana, nyumba ya wageni ni Kanisa linalopokea wote, dinari mbili ni Baba na Mwana, mwenye nyumba ni msimamizi wa Kanisa, na ile ahadi ya kurudi ni kuja kwa Bwana mara ya pili. Maana yake, kufikia nusu ya kwanza ya karne ya 3 usomaji huu ulikuwa tayari mapokeo, mtu anaupokea kutoka kwa waliomtangulia.

Baada ya Ambrosi yuko Augustino wa Hippo, yapata mwaka 400, na yeye ndiye aliyekwenda mbali kuliko wote. Kwake Yeriko ni mwezi, kwa kuwa mwezi huandama, hukua, hupungua na kufa kama sisi wanadamu. Mtu ameachwa karibu ya kufa kwa sababu upande anaomjua Mungu yuko hai, na upande aliolemewa na dhambi amekufa. Mafuta ni faraja ya tumaini jema, divai ni himizo la kutenda kwa bidii. Mwenye nyumba ya wageni ni Mtume Paulo. Na dinari mbili? Ni amri mbili za upendo, kumpenda Mungu na kumpenda jirani.

Hebu zifuatilie hizo sarafu. Kwa Ireneo ni sura ya Baba na Mwana itolewayo na Roho, kwa mzee wa Origen ni Baba na Mwana, kwa Ambrosi ni Maagano mawili, kwa Augustino ni amri mbili. Wanatofautiana, wala hakuna anayemkaripia mwenzake kwa kukosea. Sasa mtazame Msamaria: kwa wote, bila ubishi, ni Kristo. Hapo kwenye kiini wako pamoja, huku pembeni kila mtu anatembea anavyopenda. Hili ni jambo la kushika, kwa sababu linaonyesha kwamba wenyewe walijua tofauti kati ya nguzo na mapambo. Hata kiini hicho hawakukiokota hewani. Origen anakumbusha kwamba katika Yohana 8:48 Wayahudi walimwambia Yesu, "wewe u Msamaria, nawe una pepo". Yeye akakana kuwa na pepo, asikane kuwa Msamaria. Unaweza kuona hoja hiyo ni nyembamba, lakini ni hoja ya mtu aliyekuwa na maandiko mkononi.

Mimi hufundisha historia ya Kanisa, na swali ambalo wanafunzi huuliza hapa ni hili: walipata wapi ujasiri? Sehemu waliupata kwenye Injili zenyewe. Fungua Mathayo 13. Yesu anatoa mfano wa magugu, wanafunzi wanamwomba aueleze, naye anaufafanua kipande kwa kipande: shamba ni ulimwengu, adui ni Ibilisi, mavuno ni mwisho wa dunia, wavunao ni malaika. Ukikuta Bwana mwenyewe amefanya hivyo kwa magugu, ni nani wa kukuzuia usifanye kwa Msamaria? Na Paulo, katika Wagalatia 4, anawachukua Hajiri na Sara akasema mambo haya husemwa kwa mfano, wanawake hao ni maagano mawili. Sehemu nyingine ilitoka shuleni. Wasomi wa Kigiriki walikuwa wameshaisoma miungu ya Homer, mshairi wao wa kale, kwa istiara, yaani kwa mafumbo, ili kuificha aibu yake, na Filo, Myahudi wa Aleksandria aliyeishi wakati wa Yesu, alikuwa ameshavisoma vitabu vya Musa kwa mtindo huo. Mwanafalsafa Porfiri, adui mkubwa wa Ukristo katika karne ya 3, alimshambulia Origen kwa jambo hili hasa: amechukua mbinu ya Wayunani, ameibandika kwenye maandiko ya kigeni.

Sasa ugomvi. Ulianza ndani, na ulianza kwa hesabu.

Katika karne ya 2 walikuwapo wafuasi wa Valentino, Wagnostiki waliofundisha kwamba juu ya ulimwengu huu kuna ukamilifu wa mbinguni wenye viumbe vya milele 30, waviitavyo Aioni. Ukiwauliza wameyatoa wapi, walikuwa na jibu katika Mathayo 20, mfano wa vibarua wa shamba la mizabibu. Bwana shamba alitoka alfajiri, ambayo wao waliihesabu saa ya kwanza, kisha saa ya tatu, ya sita, ya tisa na ya kumi na moja. (Sisi tunaozihesabu saa tangu macheo, kama walivyofanya watu wa wakati wa Yesu, hatuhitaji hata kuelezwa.) Jumlisha: 1 na 3 ni 4, na 6 ni 10, na 9 ni 19, na 11 ni 30. Ndiyo hizo Aioni 30. Na kwa nini Bwana alikaa miaka 30 bila kuanza kazi yake hadharani? Jibu ni lile lile.

Hesabu haina kosa, na hapo ndipo penye hatari. Ireneo, aliyetuhifadhia mafundisho haya katika kitabu chake dhidi ya uzushi, hakuwajibu kwa kusema istiara ni haramu. Angesemaje, naye amezisoma dinari mbili kama tulivyoona, na vibarua hao hao akawafasiri kuwa ni watu walioitwa na Mungu katika nyakati mbalimbali, tangu mwanzo wa uumbaji hadi mwisho? Jibu lake ni picha. Fundi hodari ametengeneza sura ya mfalme kwa vipande vya vito. Anakuja mtu, anavibandua vipande vyote, anavipanga upya, anatoa sura ya mbwa au mbweha, tena mbaya, halafu anawaambia wasiomjua mfalme: hii ndiyo ile picha nzuri aliyoifanya fundi, vipande si ni vile vile? Vipande ni vya kweli, kila aya imenukuliwa sawasawa. Kilichoharibiwa ni mpango. Na mtu ataujuaje mpango? Kwa ile kanuni ya kweli aliyoipokea alipobatizwa, anasema Ireneo. Na kwa kutosahau kwamba penye giza ndipo panapoangazwa na penye mwanga, kamwe isiwe kinyume chake.

Tertuliano, mwandishi Mkristo wa Karthago, ni mkali zaidi, tena kwa ulimi wake ule. Anauliza: kwa nini kondoo mia? Kwa nini drakma kumi? Na ule ufagio alioutumia mwanamke kufagia nyumba, ni nini? Jibu lake ni kwamba ilibidi msimulizi aweke idadi fulani, na kwamba nyumba hufagiwa kwa ufagio. Usidodose, tazama mfano ulisemwa kwa ajili ya nini. Maneno ya akili kabisa, na binti yako angeyapenda. Ila soma hoja nzima. Tertuliano anayasema hayo katika kitabu anachokataa Mkristo aliyezini arudishwe Kanisani, na anataka kuonyesha kwamba kondoo aliyepotea ni mpagani, asije Mkristo mdhambi akaukimbilia mfano huo. Kwa hiyo usomaji wenye kiasi ulimpeleka kwenye mlango uliofungwa. Wanaodhani kwamba njia nzuri ya kusoma huzaa yenyewe hukumu nzuri wangekaa kidogo na kitabu hicho.

Rudi kwa Origen, kwa kuwa jina lake ndilo linalotajwa kila istiara inaposhutumiwa. Watu humchora kama mtu aliyedharau maana ya wazi. Hakuidharau, aliibana mpaka ikalia. Katika kitabu cha nne cha kazi yake juu ya kanuni za kwanza za imani anauliza: Mathayo anasema Ibilisi alimpandisha Yesu mlima mrefu mno akamwonyesha milki zote za ulimwengu. Ni mlima gani huo ambao juu yake mtu anaona kwa macho ya nyama nchi za Waajemi, Waskithi, Wahindi na Waparthi kwa pamoja? Au lile neno la kupigwa shavu la kuume: apigaye kwa mkono wa kuume, kama walivyo wengi, hupiga shavu la kushoto. Kwa maoni yake, Mungu ameweka vikwazo kama hivyo makusudi ndani ya maandiko, ili msomaji ajikwae, asimame, atafute zaidi. Lakini ukurasa unaofuata anaongeza jambo ambalo wanaomnukuu huliruka: yaliyotokea kweli kihistoria ni mengi kuliko yale yenye maana ya kiroho peke yake.

Mahali anaponigusa zaidi ni katika ufafanuzi wake wa Yohana, kitabu cha kumi. Yohana anaweka kufukuzwa kwa wafanyabiashara hekaluni mwanzoni, mara tu baada ya arusi ya Kana. Mathayo, Marko na Luka wanaweka tukio hilo siku za mwisho, Yesu akielekea msalabani. Origen halifuniki jambo hilo. Anasema kwamba mtu akizilinganisha Injili kwa makini atashikwa na kizunguzungu, kisha ama ataacha kuamini kwamba zote ni za kweli, achague moja na kuishika, ama azikubali zote nne na kukiri kwamba ukweli wake haumo katika herufi za nje. Wainjili, anasema, wakati mwingine walihifadhi ukweli wa kiroho ndani ya kile ambacho kwa mwili kingeitwa uongo. Maneno mazito, ya mwaka 230 na kitu. Augustino, alipokutana na tatizo hilo hilo miaka 170 baadaye, alichukua njia nyepesi: Yesu alilisafisha hekalu mara mbili. Mimi jibu la Augustino halinitoshelezi, na la Origen linanitisha kidogo. Lakini aliyelitazama tatizo usoni ni Origen.

Na huyo huyo baba wa mafumbo, kama tukimwamini mwanahistoria Eusebio, ujanani alilichukua neno la Mathayo 19:12 kuhusu matowashi kama lilivyoandikwa, akajihasi. Uzeeni, katika ufafanuzi wake wa Mathayo, anawakataa waziwazi wanaolielewa neno hilo kimwili.

Upinzani wenye mpangilio ulikua Antiokia ya Shamu. Mwalimu wake mkubwa ni Diodoro, aliyekuwa askofu wa Tarso tangu mwaka 378, na wanafunzi wake wawili mashuhuri ni Yohane Krisostomo na Theodoro wa Mopsuestia. Diodoro alisema waziwazi kwamba wao wanaitanguliza historia mbele ya istiara, ila hawamzuii mtu kuona maana ya juu zaidi, mradi maana hiyo ijengwe juu ya historia wala isiibomoe. Theodoro, akifafanua Wagalatia 4, anawarukia waliotumia mstari ule wa Hajiri na Sara kama kibali cha kufuta matukio. Paulo, anasema, alilinganisha. Na huwezi kulinganisha jambo na jambo lisilokuwapo. Mtu akisema Adamu si Adamu, paradiso si paradiso, nyoka si nyoka, basi aeleze huo uasi wa mtu mmoja ulitoka wapi, na Kristo alikuja kurekebisha nini. Hoja hii ina meno. Inaonyesha kwamba waliolilia historia walikuwa wanaulilia wokovu. Hawakuwa wataalamu wa lugha wanaopenda usahihi kwa ajili ya usahihi.

Krisostomo ana faida moja kwetu, kwamba alihubiri juu ya vibarua wale wale wa Mathayo 20, huko Antiokia yapata mwaka 390. Tazama anavyofanya. Shamba ni amri za Mungu, muda wa kazi ni maisha haya, na zile saa tano ni watu waliomjia Mungu katika umri mbalimbali, wengine wakiwa watoto, wengine wazee kabisa. Hiyo nayo ni istiara, Mwalimu! Halafu anafika kwa vibarua wanaonung'unika na anakwama, kwa sababu mbinguni hakuna kijicho. Hapo ndipo anapotoa ushauri wake: mifano haipaswi kudodoswa neno kwa neno, ukishajua ilitungwa kwa lengo gani, livune hilo, usihangaike na mengine. Kanuni yenyewe inatoka kinywani mwa mtu ambaye dakika chache nyuma alikuwa anafasiri saa.

Ndiyo maana naukata maksi ule msemo wa mitihani, "Aleksandria istiara, Antiokia historia". Una ukweli ndani yake, lakini unafanya mwelekeo wa watu uonekane kama kambi mbili zenye uzio. Askofu Basili wa Kaisaria ya Kapadokia, katika miaka ya 370, alihubiri juu ya uumbaji akasema anazijua sheria za istiara, lakini akisikia majani anafahamu majani, na samaki ni samaki. Ni Basili huyo huyo ambaye, kwa mapokeo, pamoja na rafiki yake Gregori wa Nazianzo, alikusanya dondoo bora za Origen ili zisipotee. Na historia ina kejeli zake: Mtaguso wa Pili wa Konstantinopoli, mwaka 553, ulimlaani Theodoro, na katika kanuni zake, ya 11, jina la Origen limo kwenye orodha ya wazushi. Bingwa wa istiara na adui yake wakatolewa mlango mmoja, wote wawili kwa sababu za mafundisho ya imani.

Ikiwa unataka mtu mmoja wa kukuongoza katika haya, nitakupa Augustino, pamoja na hadhari. Kabla ya kuwa Mkristo aliwahi kuyaona maandiko kuwa ya kishamba. Kilichomfungua ni kumsikia Ambrosi, huyo huyo wa dinari mbili, akihubiri Milano kwa kutumia neno la Paulo kwamba andiko huua bali roho huhuisha. Kwa hiyo ana deni kwa istiara, na analijua. Katika kitabu chake juu ya mafundisho ya Kikristo anakiri jambo la kuchekesha: kwamba anafurahia zaidi kuwaona watakatifu kama meno ya Kanisa, kutokana na ule mstari wa Wimbo Ulio Bora wa meno yaliyo kama kundi la kondoo waliokatwa manyoya, kuliko kuambiwa jambo hilo hilo bila fumbo, na kwa nini iwe hivyo ni vigumu kueleza. Kile kicheko cha furaha ulichokisikia kanisani kwenu yeye alikijua. Lakini papo hapo anaweka breki: karibu hakuna kinachochimbuliwa katika mafumbo ambacho hakijasemwa waziwazi mahali pengine.

Breki hiyo aliihitaji kwelikweli. Katika Afrika ya Kaskazini Wadonati, Wakristo waliokuwa wamejitenga na Kanisa, walidai kwamba Kanisa la kweli limebaki kwao Afrika tu. Ushahidi? Wimbo Ulio Bora 1:7, pale mwanamke anapomwuliza mpenzi wake anapolaza kundi lake adhuhuri. Kwa Kilatini neno la adhuhuri ndilo pia la kusini. Kusini ni Afrika. Basi mchungaji yuko Afrika. Augustino, katika barua kwa Vincenti, askofu wa tawi lao moja, yapata mwaka 408, anajibu kwamba ni utovu wa haya mtu kuifasiri istiara kwa faida yake mwenyewe asipokuwa na ushuhuda ulio wazi wa kuiangazia ile yenye giza. Sentensi hiyo ilidumu; Tomaso wa Akwino aliirudia katika karne ya 13 alipokataza kujenga hoja ya imani juu ya fumbo peke yake.

Hadhari niliyoisema ni hii. Ndani ya barua hiyo hiyo Augustino anatetea dola kuwalazimisha Wadonati warudi Kanisani, na anautumia mfano wa karamu, Luka 14: "ukawashurutishe kuingia ndani." Kwa usomaji huo, wanaoshurutishwa ni Wadonati, na kushurutisha ni sheria za mfalme. Kanuni aliyomtwanga nayo Vincenti hakujipimia mwenyewe. Mstari huo ulitumika kwa karne nyingi baadaye kuwatesa watu, na mimi siwezi kuupita bila kuutaja.

Tuje darasani kwako. Kwa binti yako: ana mabega makubwa nyuma yake. Mjerumani Adolf Jülicher, katika miaka ya 1880, alianza kuchapisha utafiti uliodai kwamba mfano wa Yesu una pointi moja tu na kwamba mafumbo ya kipande kwa kipande ni nyongeza za baadaye. Wataalamu wengi wakamfuata, kisha wengi wakaona amepitiliza. Lakini "yalishakataliwa" ni neno kubwa mno. Katekisimu ya Kanisa Katoliki bado inafundisha maana ya neno na maana ya kiroho, ikisisitiza kwamba maana zote hujengwa juu ya ile ya neno.

Kwa padre wako ningekuwa na ombi moja tu. Kuhani akishakuwa Torati na Mlawi akishakuwa manabii, hakuna kuhani tena anayekaripiwa. Luka anamweka pale mtu wa hekaluni aliyemwona majeruhi akapita kando, na istiara inamsaidia kutoroka mara ya pili. Origen aliliona tatizo la namna hiyo: baada ya kuyasifu maelezo ya yule mzee, anamalizia hotuba yake kwa kusema kwamba inawezekana tumwige Kristo, tuwaendee walioangukia mikononi mwa wanyang'anyi, tuwafunge majeraha, tuwamiminie mafuta na divai, tuwapandishe juu ya wanyama wetu, na kwamba "Enenda zako, nawe ukafanye vivyo hivyo" tumeambiwa sisi sote. Augustino naye, katika kile kitabu juu ya mafundisho ya Kikristo, anausoma mfano huu huu kwa wazi kabisa: jirani ni kila mtu anayehitaji huruma, na kila mtu anayekuhurumia.

Watoto wakikuuliza, anza na swali la mwanasheria, "Na jirani yangu ni nani?", kwa sababu hapo ndipo Luka alipoanza. Waambie njia ya Yerusalemu kwenda Yeriko inateremka kwa kasi, kama mita 1,000 hivi, katikati ya majabali na jangwa, mahali pazuri kwa mnyang'anyi kujificha. Waambie Wayahudi na Wasamaria walivyochukiana. Dinari waielewe kwa Mathayo 20:2: ni ujira wa kibarua kwa siku moja, hivyo Msamaria aliacha mshahara wa siku mbili kwa mtu asiyemjua, na akafungua deni juu yake. Wakishakielewa hicho, wale wa Kipaimara wanaweza kabisa kuambiwa kwamba Wakristo wa kale walipomtazama Msamaria huyo walimwona Bwana wao, na kwamba juu ya sarafu hizo kila Baba alikuwa na lake. Na wape nafasi nao waseme lao, kisha muulizane limeandikwa wapi waziwazi.